Posteri ya kusimamisha watu: mwongozo kamili wa kuonyesha utafiti wako, kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ku ukuta

Kila mara kuko mukutano wa sayansi hapa Bukavu, iwe ku vyuo vikubwa sawa UCB, UOB pale Karhale, UEA pale Panzi, ao ku kituo cha utafiti cha CRSN kule Lwiro, shida ni zilezile: posteri imejaa maandishi sawa ukurasa wa memwari, picha zimekuwa vidonge-vidonge, grafiki haisomeki mpaka uiname, na watu wanapita wanaenda kutafuta fanta. Na kazi yenyewe ni nzuri! Mutu alitembea miezi mu mashamba ya Kabare ao mu vituo vya afya vya Kadutu, akahesabu, akapima, alafu inapita bila kuulizwa hata swali moja. Ile inaniuma kweli. Basi naandika yote hapa pahali pamoja, fuata hatua moja moja na usiruke, hasa ile ya kwanza.

Posteri yenyewe utaiandika kwa Kifaransa, ao kwa Kingereza kama unaenda Kigali ao Nairobi. Mifano naitoa kwa Kiswahili juu njo luga tunawazia nayo.

Vitu vya kutayarisha mbele ya kufungua ordinateri

- Mesaji ya wenye kuandaa mukutano, yenye kusema saizi ya posteri na kama inasimama ao inalala. Kama hawakusema, waulize leo.
- Matokeo yenye yameisha. Kama bado unabadilisha hesabu, maliza kwanza.
- Picha za asili, zile zilitoka ku telefone ao ku aparei yenyewe.
- Logo za chuo, za labo na za wenye kutoa pesa, mu fishe kubwa ao za PDF ao SVG.
- Programu. PowerPoint inatosha kabisa, usiaminishwe ati mpaka programu za bei. LibreOffice Impress ni ya bure na inafanya kazi ileile. Inkscape ni nzuri kwa wenye wanaijua tayari, lakini usianze kujifunza Inkscape wiki ya mukutano. Canva nayo inapendeza lakini inategemea intaneti sana, na wewe unajua hali ya megabaiti.
- Karatasi za A4, kalamu, na mita ya fundi. Mita usiidharau, utaona kazi yake.
- Wiki mbili. Wiki moja ya kutengeneza, ingine ya promoteri kusoma, umeme kukatika, na emprimeri kuwa na foleni.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja ya kile ulikuta

Ordinateri ibaki imefungwa. Andika ku karatasi sentensi moja yenye kusema ulikuta nini. Mada ni kitu kingine, na ginsi ulifanya ni kitu kingine tena. Hapa nataka ULIKUTA NINI.

Tuseme kazi yako ni juu ya kirabiranya, ule ugonjwa wa bakteria wenye kukausha migomba, mu teritwari ya Kabare. Kichwa cha memwari kinaanza, kama kawaida yetu, na «Contribution à l'étude de…», alafu kinaenda mistari tatu mpaka jina la grupema. Kile kibaki ku memwari. Ku posteri andika kitu sawa hiki, kama njo takwimu zako zinasema vile: «Kukata tu shina lenye kugonjwa na kupitisha panga ku moto kunaokoa migomba mingi kuliko kung'oa kichaka chote.»

Unaona tofauti? Cha kwanza kinasema ulikuwa wapi, cha pili kinampa mutu sababu ya kusimama.

Juu ya nini tunaanzia hapa: msomaji wako amesimama, mukoba ku bega, nyuma yake kuko posteri zingine makumi, anaamua kwa sekunde chache tu kama anabaki ao anaenda. Alafu ile sentensi njo itakuwa hakimu wa vitu vyote vingine: kila grafiki, kila picha, kila mustari utaiuliza, «unasaidia ile sentensi?» Kama hapana, inatoka. Mwenye hana ile sentensi hawezi kukata kitu, basi anaweka vyote, na vyote haviingie.

Isome kwa Kiswahili mbele ya mutu wa nyumbani mwenye hajasoma fani yako. Akiuliza «na wanachoma panga juu ya nini?», umefaulu, ameingia ndani ya kazi. Akiuliza «unataka kusema nini?», andika tena.

Pengine umeona zile posteri zenye sentensi moja kubwa sana katikati, kwa maneno mepesi, na kodi ya QR chini yake. Ule mutindo ulienea kuanzia 2019 juu ya video ya Mike Morrison, mwanafunzi wa saikoloji kule Marekani. Wazo ni zuri. Lakini mu mikutano yetu juri mara mingi inapima sehemu moja moja, inatafuta metodoloji, inatafuta matokeo, na ukiacha katikati wazi wanaweza kusema kazi haijaisha. Ushauri wangu: chukua ile sentensi kubwa uifanye kichwa, alafu sehemu za kawaida zibaki, fupi.

Hatua ya 2: Tengeneza saizi sawasawa kabla ya kuandika hata neno

A0 ni sentimeta 84,1 kwa 118,9. A1 ni nusu yake, 59,4 kwa 84,1. Mikutano mingi inaomba moja ya hizi mbili.

Mu PowerPoint ya Kifaransa unaenda ku «Création», «Taille des diapositives», alafu unachagua ile ya kujiwekea mwenyewe na unaandika namba za sentimeta. PowerPoint inakubali mpaka sentimeta 142,24, kwa hiyo A0 inaingia muzima bila shida. Slaidi moja tu.

Juu ya nini mbele ya maandishi: ukianza ku slaidi ya kawaida, ile ya ku projekta, alafu unageuza saizi mwishoni, programu inavuta vitu, logo zinakuwa nyembamba sawa zilipita chini ya mulango, na maandishi yanatoka mu masanduku yao. Kazi ya siku tatu unaianza upya.

Sasa kamata mita. Pima sentimeta 84 kwa 119 ku ukuta wa chumba chako, weka alama na chaki, rudi nyuma metre moja na nusu. Njo pale msomaji atasimama. Watu wengi hawajawahi kuona ukubwa wa kweli wa posteri yao mpaka siku ya kuichukua ku emprimeri, njo maana wanaandika herufi za kitabu.

Angalisho: usichanganye yenye kusimama na yenye kulala. Tabo za kutundikia mara mingi zina upana mudogo, posteri yenye kulala inapita ukingo na inafunika ya jirani, na hapo ugomvi.

Hatua ya 3: Chora kwa mukono

Kunja A4 ipate kolone mbili kama posteri inasimama, ao tatu ama ine kama inalala. Chora masanduku: kichwa juu kwa upana wote, utangulizi mufupi juu ku kushoto, namna ulifanya, matokeo, maana yake, asante na logo chini. Jicho la mutu mwenye kusoma Kifaransa ao Kiswahili linashuka kolone ya kushoto mpaka chini ndipo linapanda ku ya pili, basi usipange vitu vyenye kuruka-ruka na mishale ya kuelekeza. Kama unahitaji mishale, mupango umekosa.

Matokeo yachukue nafasi kubwa kuliko vyote, karibu nusu. Mu memwari zetu problematiki, ipoteze na «état de la question» zinakula kurasa mingi, ni sheria ya memwari, hakuna shida. Lakini ku ukuta mutu anataka kuona ulichokuta.

Acha pia nafasi tupu. Kati ya kolone sentimeta tatu hivi, pembeni mwa posteri pia tatu. Najua inauma kuacha pahali wazi wakati uko na mengi ya kusema, lakini ile nafasi tupu njo inafanya jicho lijue sehemu moja inaishia wapi na ingine inaanzia wapi.

Hatua ya 4: Kata maandishi mpaka yabaki yenye kubeba kazi

Posteri nzima, maneno 300 mpaka 600. Ikipita 800 hakuna mwenye atasoma, hata promoteri wako.

Usifanye kopi-kole kutoka memwari. Ile sentensi ya memwari ilitengenezwa kwa mutu mwenye ameketi, na ina mukia mrefu: «Il ressort de nos investigations que…», maneno sita na bado hujasema kitu. Andika upya kutoka kichwa, bila kuangalia memwari, sawa unamweleza rafiki njiani kutoka Nyawera kwenda Feu Rouge, utaona inatoka fupi yenyewe.

Utangulizi: sentensi tatu ao ine. Shida ni gani, nani inamuumiza, kitu gani hakikujulikana.

Namna ulifanya: wapi, lini, watu ao mimea mingapi, ulipima nini, na jaribio gani la takwimu. Kama unaweza kuichora, chora. Karte moja ndogo ya teritwari na muchoro wa hatua tatu vinashinda paragrafe mbili.

Maana yake: pointi mbili ao tatu, na usirudilie matokeo. Sema mukulima, munganga ao mwenye kupanga mji afanye nini tofauti kesho.

Marejeo: tatu mpaka tano, zile tu umetaja ndani ya posteri.

Kuhusu majina. Orodha ya waandishi iamuliwe mapema na promoteri, nani wa kwanza, nani wa mwisho, se-te (chef de travaux) yupi anaingia, juu hii njo inaleta uchungu mu labo kuliko rangi na grafiki zote. Mwonyeshe orodha kwa maandishi, apate nafasi ya kusema. Na ku posteri andika majina bila msururu wa «Prof. Dr. Ir.», vyuo vinaonyeshwa na namba ndogo chini. Wakubwa wengine hawapendi, basi muulize kwa heshima, na akitaka vyeo viwekwe, weka, posteri haiharibike juu ya ile.

Hatua ya 5: Saizi ya herufi

Kwa A0: kichwa pointi 85 na zaidi, majina 50 hivi, vichwa vidogo 48 mpaka 60, maandishi ya kawaida 32 (usishuke chini ya 28), maneno ya chini ya picha 24. Kwa A1 gawanya na 1,4.

Fonti moja inatosha, mbili ni mwisho. Calibri, Arial, Open Sans, zote sawa. Zile za harusi zenye kupinda-pinda waachie wenye harusi. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, zinachosha macho. Panga maandishi ku kushoto, usiyanyooshe pande zote mbili juu mu kolone nyembamba yanaacha mashimo kati ya maneno. Kama kusisitiza, tia weusi neno moja ao mawili, hapana mustari muzima.

Hatua ya 6: Grafiki, hapa njo kazi yenyewe iko

Hii hatua nataka uipe muda kuliko zote. Nimeona watu wanatumia siku mbili kuchagua rangi ya nyuma, alafu grafiki wanaibeba vile Excel iliitoa.

Chagua grafiki moja yenye kuonyesha ile sentensi ya hatua ya kwanza. Hiyo iwe kubwa kuliko zote. Zingine mbili ao tatu, ndogo, za kusaidia. Tablo yenye mistari ishirini haina nafasi hapa. Kama namba zake ni za lazima, geuza iwe grafiki, ao acha mistari ine yenye inasema kitu na zingine ziende ku PDF yenye mutu anafungua na kodi ya QR ya ku posteri.

Alafu safisha. Toa mistari ya kijivu ya nyuma. Toa fremu. Toa 3D, sitaki kuona 3D kabisa, inadanganya urefu: kijiti cha nyuma kinaonekana kifupi na hakiko kifupi. Vijiti vianzie ku sifuri, juu ukianzisha ku 60 tofauti ya 62 na 65 itaonekana mara mbili na zaidi, na mujuri mwenye macho atakuuliza palepale mbele ya watu. Lejandi ya pembeni, ile sanduku ya rangi, kama unaweza itoe pia na uandike jina karibu ya kijiti ao ya mustari wenyewe, mutu asiende anarudi na macho. Kamamberi, ile ya duara, ikipita vipande vine inakuwa fumbo.

Kila mhimili na jina lake na kipimo chake: «kilo kwa hektari», «siku», «%». Andika n, yaani ulipima wangapi. Kama uko na vile vijiti vya makosa juu, sema ni ekati-tipi (écart-type) ao ni era-standadi (erreur standard), juu hivi viwili haviko kitu kimoja na watu wa takwimu wataangalia pale kwanza. Na desimali: ukiandika posteri kwa Kifaransa ni 12,5, kwa Kingereza ni 12.5, usichanganye, Excel ya ordinateri moja inatoa koma na ya rafiki yako inatoa nukta, alafu mu posteri moja unakuta zote mbili.

Kichwa cha grafiki kiseme matokeo. «Kielelezo 2: Mavuno kulingana na aina ya matunzo» kinamwachia msomaji kazi yote. «Mashamba yenye panga lilipita ku moto yalivuna zaidi» kinamwambia aangalie nini, alafu anaangalia na anahakikisha mwenyewe.

Namna ya kubeba: kopi grafiki ndani ya Excel na kole mu PowerPoint ibaki grafiki, usipige kaptire ya ekra. Ikibaki grafiki, mistari inakaa mikali hata ku A0. Kama unatumia R, ile programu ya takwimu, toa PDF ao SVG, ama PNG ya 300 dpi (nukta mu inchi moja) mu saizi ya mwisho.

Karte nazo: QGIS, programu ya kuchora karte, ni ya bure. Weka echele, weka kaskazini, weka chanzo cha data. Na angalisho la kweli: kama kazi yako ni ya wanyama mu parke ya Kahuzi-Biega, usionyeshe pointi za GPS za familia za ngagi (gorila). Onyesha sekta, inatosha. Posteri inapigwa picha na kila mutu, na haujui nani.

Utajua grafiki imefaa ukimwonyesha mutu mwenye hajui kazi, sekunde kumi, alafu unaifunika na unamuuliza aliona nini. Akisema ile sentensi yako, hata kwa maneno yake, endelea.

Hatua ya 7: Picha na logo

Kanuni moja ya kukariri: upana wa picha ku posteri kwa sentimeta, mara 60, njo idadi ya pikseli unahitaji. Hiyo inakupa karibu dpi 150, na kwa posteri ni sawa. Picha ya upana wa sentimeta 30 inataka pikseli 1800. Picha ya telefone ya megapikseli 12 iko na 4000 kwa 3000, inafika mpaka sentimeta 66, basi telefone yako inatosha, shida haiko telefone.

Shida ni WhatsApp. Ukituma picha vile kawaida, inafinywa. Mwenzako mwenye alipiga picha ku terrain aitume kama «document», ao aiweke ku kle USB. Na zile logo zenye unachukua ku Google, pikseli 150, zinatosha sentimeta mbili na nusu, ukizivuta mpaka sentimeta kumi na mbili zinakuwa matofali. Omba sekretariati ya chuo ile ya PDF, ama ichomoe mu dokima rasmi ya PDF.

PowerPoint nayo inafinya picha kimya-kimya ukihifadhi. Ingia «Fichier», «Options», «Options avancées», na weka alama pale penye kusema «Ne pas compresser les images dans le fichier». Fanya hii KABLA ya kuingiza picha, juu zenye zilikwisha finywa hazirudi.

Ukivuta picha, vuta kona, usivute upande.

Na kuhusu watu: picha ya mugonjwa, ya mutoto, ya mama mwenye alikupa ushuhuda, haiende ku ukuta bila ruhusa yake ya wazi. Kusema ndiyo ku kuulizwa maswali hakuko kusema ndiyo ku picha. Hata ukificha macho na mustari mweusi, mu mitaa yetu watu wanajuana na nguo na na ukuta wa nyuma. Kama hauna ruhusa, piga mikono, piga vifaa, piga shamba.

Hatua ya 8: Rangi

Nyuma nyeupe ao ya mwanga sana, maandishi meusi ao bluu nzito, na rangi moja ya nguvu kwa vitu vya kusisitiza. Basi. Nyuma nyeusi ama picha ya Ziwa Kivu nyuma ya maandishi, hapana: inakunywa wino, mashini inaacha mistari, na herufi zinazama.

Usitofautishe vitu kwa nyekundu na kijani peke yake, kuko watu macho yao hayaoni ile tofauti, wanaume hasa. Tumia bluu na rangi ya machungwa. Na jua kijani chenye kung'aa ku ekra kitatoka kimelala ku karatasi, juu ekra inatoa mwanga na wino hautoi.

Hatua ya 9: Jaribio la A4

Toa posteri nzima ku karatasi moja ya A4. Upana wa A0 ni mara ine ya A4, kwa hiyo herufi za pointi 32 zinakuwa 8. Ishike kawaida, sentimeta 35 hivi kutoka macho: ni sawasawa kabisa na kusimama metre moja na sentimeta 40 mbele ya posteri ya kweli. Kama unasoma yote bila kukunja uso, saizi ziko sawa. Kama kuko sehemu unakaza macho, pale rudi ku hatua ya 5. (Kama posteri ni A1, kunja hesabu: toa ku nusu ya A4.)

Toa kopi tatu zaidi. Moja kwa promoteri, na umpe siku ya mwisho kwa adabu, «Prof, emprimeri inafunga Alhamisi». Moja kwa mutu mwenye kujua Kifaransa vizuri. Moja kwa mutu wa fani ingine. Makosa ya kuandika usiyatafute mwenyewe, macho yako yanasoma kile unafikiri uliandika. Mwenyewe angalia vitu hivi tu: majina ya waandishi, namba za kichwa na za grafiki zinalingana, na kodi ya QR inafunguka. QR iwe sentimeta tano kwa tano na zaidi, na weupe pembeni yake, na uijaribu kutoka ku karatasi yenyewe na telefone ya mutu mwingine.

Hatua ya 10: PDF na emprimeri

Hifadhi PDF. Ifungue, iweke ku 100 %, tembea nayo kona zote. Pale unaona picha mbaya ku 100 %, itakuwa mbaya ku ukuta.

Usipeleke PowerPoint peke yake. Ordinateri ya emprimeri iko na Office ya mwaka mwingine, haina fonti yako, inaweka ingine, maandishi yanasukumana, na yule kijana wa mashini ana foleni nyuma yako, hawezi kukutengenezea. PDF inabeba fonti ndani yake. Weka PDF ku kle, na ujitumie pia ku imeili, juu kle ikiingia mu mashini ya watu wengi virusi inageuza mafaili kuwa rakursi na unabaki unaangalia tu.

Uliza maswali haya mbele ya kulipa. Mashini ni ya karatasi ao ya bashi (ile plastiki ya mabango)? Rulo iko na upana gani? (Rulo ya karatasi ya sentimeta 91 inapokea A0 bila shida.) Bei ni ya metre kare ao ya kipande? A0 ni metre kare moja kamili, kwa hiyo mukadirie mwenyewe. Na umwambie aweke 100 %, asifanye «kuadapte».

Karatasi inatoa maandishi makali, lakini inaogopa maji na mikunjo. Chagua yenye haing'ae, ile ya kung'aa inarudisha mwanga wa taa na wa madirisha. Bashi ya plastiki inapatikana kila pahali, bei yake ni ya chini na inavumilia mvua yetu, ila mashini zake zilitengenezwa kwa mabango ya barabarani yenye watu wanaangalia kutoka mbali, basi herufi chini ya pointi 24 zinaweza kuvimba. Omba akutolee kwanza kipande kidogo cha sentimeta 20, chenye herufi zako ndogo kuliko zote na kona ya picha moja. Wengi wanakubali ukiomba vizuri. Na iache ikauke kabla ya kuikunja, wino wake ukiwa mbichi unashikana.

Kama hakuna pesa ya yote mawili, Adobe Reader iko na namna ya «Affiche» mu dirisha la kuemprime: inagawa posteri ku karatasi mingi. A0 ni A4 kumi na sita ao A3 nane, unakata ukingo na mukasi, unagundisha nyuma na skochi. Ukifanya kwa uangalifu, kutoka metre mbili mistari ya kuunganisha haionekane sana, na maandishi yako makali kabisa.

Hatua ya 11: Kubeba, kutundika, kusimama

Ikunje kwa kuizungusha, maandishi yaangalie inje, vile ukiifungua kona zinaelekea ku ukuta badala ya kukurudilia. Tuyo ya PVC ya fundi wa maji, ikatwe sentimeta 90, na plastiki ku midomo yote mbili, inafaa kuliko vyote, hasa kama unapanda boti ya Goma.

Beba vifaa vyako: punezi, skochi ya pande mbili, kamba, mukasi. Ukuta wa shokaa unakataa skochi, inabomoka na unga wake. Kama ni bashi, omba emprimeri iweke vile vitobo vya chuma ku kona, alafu kamba inamaliza shida. Fika saa moja mbele. Katikati ya posteri ikae ku urefu wa macho.

Jitayarishe kusema kwa dakika moja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, juu pengine mwenye atasimama ni mukulima kiongozi wa kooperative, ao muuguzi wa zone ya afya, na yule njo anaweza kutumia kazi yako. Dakika moja: shida, ulifanya nini, ulikuta nini, na mukono wako ku ile grafiki kubwa. Simama pembeni, usiifunike. Usisome posteri, anajua kusoma. Mwache akaangalie kidogo, alafu muulize, «nikueleze ao unataka kuona mwenyewe kwanza?»

Alama ya kwamba kazi imefaa ni maswali. Wakikuuliza «kazi yako ni juu ya nini?», kichwa hakikufanya kazi yake. Wakikuuliza «mulijaribu pia mu Walungu?», ao «na mukulima mwenye hana moto karibu afanye nini?», wako ndani ya matokeo.

Kuwa na A4 makumi mbili za kugawa na daftari ya kuandika namba za wenye kutaka zaidi. Watumie PDF jioni ileile, wakati bado wanakumbuka uso wako.